Gari lililouzwa bilioni 72 likiwa na kilomita 391: wadau, tuzungumze karatasi

Mtoto wa Bondi (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Jambo hili nimelibeba kifuani muda mrefu, leo nalitua hapa.

Kazi yangu ni bondi, yaani yadi ya magari yanayoingizwa kutoka nje, hapa Nakawa, Kampala, mwaka wa 14 sasa. Mimi si mwenye mali, ni mfanyakazi, na kazi yangu hasa ni kusoma karatasi za mnada. Magari yetu karibu yote yanatoka minadani Japani, na kila gari likipita mnadani linaandikiwa karatasi moja. Juu yake kuna mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi inayoanikwa, na kwenye mchoro kuna herufi. A ni mkwaruzo. U ni bonde. W ni mahali palipogongwagongwa bati likanyooshwa. S ni kutu. XX ni sehemu iliyong'olewa ikawekwa nyingine. Pembeni kuna daraja: 4.5 ni gari safi, 3.5 limeshachoka, R ni gari lililowahi kuumia likatengenezwa. Halafu mileji. Mteja akiniletea picha ya gari kwenye simu, mimi namwambia weka picha pembeni, nipe karatasi.

Sasa sikilizeni. Agosti 2021, huko Pebble Beach, California, kampuni ya mnada ya Gooding & Company ilipandisha jukwaani McLaren F1, chasisi namba 029, gari la mwaka 1995. Nyundo iligonga kwenye dola milioni 18.6. Ukijumlisha ada anayolipa mnunuzi ikafika dola 20,465,000. Kwa kiwango cha wakati ule ni kama shilingi bilioni 72 za kwetu Uganda. Mita ilisoma maili 243, yaani kilomita 391. Wakati huo gari lilikuwa na miaka 26 na lilikuwa bado halijatembea hata umbali wa Kampala kwenda Kabale mara moja.

Na mwenye gari wa kwanza alikuwa Mjapani. Hapo ndipo niliposhtuka. Nchi ileile ninayosoma karatasi zake kila siku asubuhi.

Kwa wasiolijua gari hili, nieleze kidogo, maana linastahili. Mwaka 1988 McLaren ilishinda mbio 15 kati ya 16 za Formula 1. Moja tu iliwaponyoka, ile ya Monza, Italia. Wakubwa wa timu wakiwa uwanja wa ndege wa Linate wanasubiri ndege ya kurudi nyumbani, ndipo mazungumzo ya kutengeneza gari la barabarani yalipoanza. Aliyelichora ni Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini. Ndiyo, mtoto wa bara hili, aliyeanza kwa kujiundia gari la mashindano huko huko Durban kabla hajapanda meli kwenda Uingereza. Mmoja wa waliokuwa naye Linate aliitwa Creighton Brown, na rangi ya kahawia ya chasisi 029 imepewa jina lake.

Dereva anakaa katikati. Abiria wawili wanakaa nyuma yake kidogo, mmoja kila upande. Injini ni ya BMW, V12 ya lita 6.1, iliyobuniwa chini ya Paul Rosche, nguvu farasi 627 bila turbo. Chumba cha injini kimefunikwa karatasi ya dhahabu, dhahabu halisi, kwa sababu dhahabu inarudisha joto vizuri sana. Bodi ya nyuzi za kaboni. Uzito kilo 1,138, uzito wa magari madogo ya kawaida tunayopakua Nakawa kila wiki. Usukani hauna pawa, breki hazina ABS. Machi 1998 Andy Wallace alilipeleka kilomita 386 kwa saa kwenye barabara ya majaribio ya Ehra-Lessien, Ujerumani, na mwaka 1995 toleo lake la mashindano lilikuwa limeshachukua mbio za saa 24 za Le Mans kwenye jaribio la kwanza kabisa. Yaliyotengenezwa yote, ukihesabu ya majaribio na ya mashindano, ni 106. Ya barabarani ya kawaida ni 64 tu.

Lakini wadau, mengine kati ya hayo 64 hayafiki bei ile. Kilichonunuliwa Pebble Beach ni gari ambalo maisha yake yote yanajulikana. Limetoka kiwandani lini, likaenda kwa nani, likakaa wapi, nani aliligusa, mita ilisoma ngapi alipoligusa. Lina masanduku yake ya mizigo yaliyoshonwa kufuata umbo la gari, lina vifaa vyake vya ufundi, lina vitabu vyake. Hakuna ukurasa uliochanwa.

Sasa niwaambie kinachoniuma. Miaka ya nyuma, kabla sijafika ninapofanya kazi leo, nilikuwa bondi nyingine ambayo sitaitaja. Likaingia gari, karatasi yake inasema kilomita 187,000. Baada ya siku tatu mita inasoma 68,000. Karatasi haikuonekana tena kwenye faili. Nikauliza, nikaambiwa, "Wewe ni mtoto, fanya kazi." Nikanyamaza. Gari likanunuliwa na mwalimu wa sekondari, mkopo wa chama cha akiba. Giaboksi ilimfia Lukaya, njia ya Masaka, familia yote ndani, usiku. Alirudi akasimama getini, hakupiga kelele. Aliniuliza mimi tu, kwa sababu mimi ndiye niliyemfungulia mlango wa gari siku aliponunua: "Ssebo, ulikuwa unajua?"

Sijawahi kusahau sauti ile. Na ninapoona watu wanalipa bilioni 72 kwa gari ambalo mita yake haikudanganya hata maili moja, namkumbuka yeye.

Karibuni tuchangie. Nina mengi zaidi kuhusu minada hii, nitaendelea kadiri mnavyouliza.

---

Makanika wa Katwe

Mtoto wa Bondi, shikamoo kwa uzi mzito. Ila mimi nina neno kama fundi.

Gari ni la kutembea. Gari lililotembea kilomita 391 ndani ya miaka 26 ni gari gonjwa. Sili za mpira zinakauka, mafuta yanageuka gundi kwenye bomba, matairi yanakuwa mawe, breki zinashika. Ukiniletea hapa Katwe gari lililokaa miaka mitano bila kuwashwa, mimi siliwashi. Nafungua kwanza. Naona ni dhambi kutengeneza injini kama hiyo halafu kuifungia ndani kama mahari ya bibi harusi aliyekufa. Huyo anayenunua ananunua nini hasa?

---

Mtoto wa Bondi

Kaka, marahaba, na maneno yako ni ya kweli kabisa. Hata wenye magari hayo wanalijua hilo. Tangi la mafuta la McLaren F1 ni mfuko maalumu kama wa magari ya mashindano, na unabadilishwa kila baada ya miaka mitano hata kama gari halikutoka gereji. Na ili kulibadilisha, injini inashuka. Kwa miaka mingi mafundi wa McLaren walikuwa wakitunza kompyuta za mapajani za zamani za Compaq, za miaka ya 90, kwa sababu mfumo wa gari hilo haukuzungumza na kompyuta nyingine. Kwa hiyo gari lililosimama nalo linakula pesa.

Lakini swali lako lina jibu zuri zaidi, nalo ndilo lililonifanya nielewe jambo hili.

Kuna F1 nyingine, ya mchekeshaji wa Uingereza Rowan Atkinson, yule wengi humu mnamjua kwa sura ya Mr. Bean. Aliinunua mwaka 1997. Huyu hakuificha. Aliendesha kwenda dukani, aliendesha kupeleka watoto, aliifikisha maili 41,000. Aliigonga mara mbili. Ile ya pili, mwaka 2011, gari lilipoteza njia likagonga mti na nguzo likashika moto. Matengenezo yalichukua zaidi ya mwaka mmoja na bima ililipa pauni 910,000, na wakati ule ikasemwa ndiyo matengenezo ya gari ghali kuliko yote yaliyowahi kulipwa na bima Uingereza.

Kaka, karatasi ya Japani ingeliandikaje gari hilo? R. Herufi moja, kubwa, nyekundu. Hapa Kampala hilo ni gari la kukatwa bei nusu, au la kufichwa aksidenti yake.

Mwaka 2015 aliliuza kwa pauni milioni 8 hivi. Alilinunua kwa kitu kama pauni 640,000.

Kwa nini? Kwa sababu lilitengenezwa na watu walewale waliolizaa, kila kipande kimeandikwa, picha zipo, risiti zipo, na mwenyewe hakuficha kitu. Jeraha likiandikwa linakuwa sehemu ya wasifu. Nami ninayoyajua ya bondi naongeza: likifichwa, mnunuzi akiligundua mwenyewe, hata sehemu nzima za gari anaacha kuziamini.

Na kabla ya Pebble Beach, Agosti 2019 huko Monterey, RM Sotheby's waliuza F1 chasisi 018 kwa dola milioni 19.8. Hilo lilikuwa limetembea maelfu ya kilomita na lilirudishwa kiwandani likafungwa injini kali zaidi, ile ya toleo la LM. Yaani limebadilishwa. Kwa mwenye tamaa ya gari "la asili" hilo ni kosa. Lakini aliyelibadilisha ni kiwanda chenyewe, na kimeandika. Tofauti ya bei kati ya gari lililotembea na lile ambalo halikutembea ikawa chini ya milioni moja ya dola. Kwa hiyo nakukubalia: kutembea si dhambi. Kaka, mimi mwenyewe ningeliendesha.

---

Mpakani Busia

Swali la haraka wakuu. Tuseme tajiri wa Kololo amelinunua. Linaingia Uganda?

---

Mtoto wa Bondi

Kwa njia tunayopitisha magari ya kawaida, hapana. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, na F1 ya mwisho imetoka kiwandani 1998. Nchi nyingi zina mlango wa pembeni kwa magari ya kale ya makumbusho. Mtu mwenye kulihitaji hilo akaulize URA, mamlaka ya mapato, wenyewe kwa maandishi, asisikilize wakala wa barabarani. Na mnada ukisema bei, ujue hiyo ni kabla ya meli, bima na kodi.

Kuhusu usukani, msiumize kichwa. Uko katikati, hauko kulia wala kushoto.

---

Msomaji wa Mbarara

Wakati mnasifia, mimi nakumbuka mnada mwingine. Ule wa Geneva, magari ya mtoto wa rais wa Guinea ya Ikweta. Hayo nayo yalikuwa na karatasi safi? Kila nikiona gari la mabilioni najiuliza pesa imetoka kwa nani.

---

Mtoto wa Bondi

Dada (nisamehe kama ni kaka), umeshika mahali panapouma na sitakimbia.

Ni kweli. Septemba 2019, karibu na Geneva, Bonhams waliuza magari 25 yaliyokuwa yameshikwa na waendesha mashtaka wa Uswisi kwa Teodorin Obiang, makamu wa rais wa Guinea ya Ikweta na mtoto wa rais. Kesi ilifungwa kwa makubaliano kwamba magari yauzwe na fedha ziende kwenye miradi ya jamii ya wananchi wa nchi ile. Kulikuwa na Lamborghini Veneno Roadster, ambayo duniani zimetengenezwa 9 tu. Iliuzwa kwa faranga milioni 8.28 za Uswisi. Nayo ilikuwa imetembea mamia tu ya kilomita.

Mimi nilizitazama picha za mnada ule kwa namna nyingine. Koenigsegg, Bugatti, Aston Martin One-77, zimepangwa kwenye majani ya uwanja wa gofu, zinang'aa. Nikawaza zahanati ngapi zimesimama pale kwenye majani zikiwa na matairi. Uzuri wa kazi ya fundi haufuti swali lako. Ndiyo maana kwangu historia ya gari ni pamoja na nani alilipa na kwa mali gani. Minada mikubwa inaandika mlolongo wa wamiliki, na ukweli ni kwamba jina la Geneva litabaki kwenye mlolongo wa Veneno ile milele, kila atakayeiuza atalazimika kulieleza. Hata hapo karatasi imefanya kazi yake.

---

Makanika wa Katwe

Hapo kwenye zahanati zenye matairi umenigusa. Endelea.

---

Nnalongo wa Jinja

Habari zenu wanangu. Mimi si mtu wa magari, mwanangu ndiye aliyenionyesha uzi huu, nami nimeusoma wote kwa sababu nina shida ya kuuliza.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi hapa Jinja miaka ya sitini na sabini. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, ameacha Datsun. Ina milango minne. Imekaa tangu nikiwa binti, na majani yamepita katikati ya sakafu. Watu wa chuma chakavu wamekuja mara mbili, wanataka kuipima kwa kilo. Ndugu zangu wanasema tuuze tupate nafasi ya kujenga vyumba vya kupangisha. Baba alikuwa akisema gari hilo "lilikwenda Safari". Sisi tulidhani anasema lilisafiri. Kwenye bati la nyuma kuna herufi SSS. Je, ni chuma tu?

---

Mtoto wa Bondi

Nnalongo, shikamoo mama. Nimesoma ujumbe wako nikiwa getini, nikarudi ndani nikaketi.

Kwanza, tafadhali, watu wa chuma chakavu wasiliguse. Nitakueleza kwa nini, na nitajitahidi nisikupe tumaini la uongo.

Miaka ile, Safari, yaani mbio za magari za Safari Rally, haikuwa ya Kenya peke yake. Ilianza mwaka 1953, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yalipita kwetu, kwenye matope yetu. Mwaka 1970 iliyoshinda ilikuwa Datsun 1600 SSS ya Edgar Herrmann. Hizo S tatu ndizo ulizoziona. Mwaka 1971 akashinda tena Herrmann na Datsun 240Z, na mwaka 1973 akashinda na 240Z kijana aliyezaliwa hapa Uganda, Shekhar Mehta. Familia yake ni miongoni mwa zile zilizoondoka wakati Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Mwaka uliofuata tu akashinda Safari, akaja kushinda jumla mara tano: 1973, 1979, 1980, 1981 na 1982. Mganda kwa kuzaliwa, na vijana wangapi wa Kampala wanalijua jina lake? Hili nalisema kwa uchungu.

Sasa, mama, gari la baba yako. Yawezekana ni SSS ya kawaida iliyouzwa dukani. Yawezekana lilikwenda Safari kama gari la kubeba spea za timu. Yawezekana lilishindana. Mimi sijui, wala wewe hujui, na mdogo wako anayetaka vyumba hajui. Ila gari lenyewe linajua, na makaratasi ya baba, kama yapo, yanajua.

Fanya hivi. Mwambie mwanao afungue boneti taratibu, asitumie nyundo. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, atafute namba iliyogongwa kwenye bati. Ikianza na P510 na usukani uko kulia, tuko kwenye njia sahihi. Aifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, asisugue kwa brashi ya chuma wala msasa. Aipige picha. Halafu ubavuni mwa injini kuna namba nyingine, inayoanza na L16 kama injini ni yake ya asili. Aangalie kama kuna kabureta mbili, maana SSS ilikuja na mbili. Halafu aangalie ndani: matundu kwenye dashibodi mahali palipofungwa vyombo vya ziada, alama za kulehemu za nguzo za chuma za kulinda paa, mabati yaliyofungwa chini kulinda injini. Asing'oe kitu. Hata skrubu iliyoanguka chini aiweke kwenye kopo.

Na wewe mama, tafuta karatasi. Logibuku ya zamani (kitabu cha usajili wa gari), namba ya gari inayoanza na U, risiti, picha, barua, kitambaa chenye namba ya mashindano, chochote. Wazee wetu walikuwa wanatunza kwenye makopo ya biskuti na chini ya godoro.

Mkishapata, msilipake rangi. Najua fundi wa mtaa atakuja na kusema kwa laki tano atalifanya ling'ae. Mwambieni asante, aende. Nitakupa mfano. Mwaka 2015 huko Paris, nyumba ya mnada ya Artcurial iliuza magari 59 ya familia ya Baillon, yaliyokutwa yameachwa kwenye mabanda shambani magharibi mwa Ufaransa kwa miongo mingi. Baadhi yalikuwa kutu tupu, mapaa yameyaangukia. Kati yao kulikuwa na Ferrari 250 GT California Spider, lililokutwa limefunikwa na marundo ya magazeti ya zamani. Hawakulisafisha. Walilipeleka mnadani na vumbi lake. Likauzwa zaidi ya euro milioni 16. Vumbi lile lilikuwa ushahidi kwamba hakuna aliyeligusa.

Gari lako halitauzwa milioni 16, mama, na mtu yeyote atakayekupigia simu kukuambia hivyo ni mwizi. Sihitaji asilimia, sihitaji kulinunua. Nataka tu tulijue kabla halijapimwa kwa kilo.

---

Mpakani Busia

Nnalongo, mjomba wangu alikuwa dereva wa lori miaka hiyo, anasema walisimama barabarani Tororo kuyatazama yakipita. Anasema yalikuwa yanasikika kabla hayajaonekana.

---

Makanika wa Katwe

Nnalongo, kama mwanao hana uzoefu, mimi nitakuja bure. Nimezifungua injini za L nyingi sana nikiwa mwanafunzi kwa marehemu mwalimu wangu. Boneti ya Datsun hiyo inafunguka kuelekea mbele, asije akaipinda.

Na Mtoto wa Bondi, nimebadilisha mawazo kidogo. Kidogo tu. Leo mteja aliniletea Harrier nimbadilishie sampo, nikamwandikia kwenye kijitabu: tarehe, mileji, nilichofunga, namba ya simu yangu. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia siku unaliuza utamwonyesha mtu.

---

Msomaji wa Mbarara

Na yule mwalimu wa Lukaya? Hukusema mwisho wake.

---

Mtoto wa Bondi

Sikusema kwa sababu mwisho wake haukuwa mzuri. Nilimjibu ukweli. Nilimwambia ndiyo, nilijua. Akatikisa kichwa, akaondoka. Bondi ile ilinifukuza wiki hiyo hiyo, na gari lake lilikaa gereji miezi mingi akilipa mkopo wa kitu kisichotembea. Baadaye nilipopata kazi hii nilimtafuta, nikachangia giaboksi kwa mishahara miwili. Alipokea. Hatukuwa marafiki. Tangu hapo hakuna gari linalotoka mikononi mwangu bila karatasi yake ya mnada kuwekwa kwenye bahasha na kupewa mnunuzi mkononi, hata kama daraja ni R. Hajji, mwenye bondi, mwanzoni aliogopa kwamba tutapoteza wateja. Wengine tumewapoteza kweli. Wengine wamerudi na ndugu zao.

Watu wanaposikia Mercedes waliuza 300 SLR Uhlenhaut Coupé kwa euro milioni 135, Mei 2022, ndani ya makumbusho yao Stuttgart, wanadhani ni wazimu wa matajiri. Zilitengenezwa mbili tu, mwaka 1955, na zote mbili zilibaki mikononi mwa kiwanda miaka yote hiyo. Hapakuwa na siku hata moja ambayo mtu angeuliza "lilikuwa wapi?" Fedha zikaanzishiwa mfuko wa masomo ya vijana. Mimi nikilifikiria gari hilo namfikiria mwalimu yule, naye alitaka kujibiwa swali hilo hilo moja.

---

Nnalongo wa Jinja

Wanangu, nimerudi.

Mwanangu amefungua boneti, ilimchukua asubuhi nzima, na nyoka alikuwemo lakini ametoka mwenyewe. Namba ipo. Inaanza P510. Zilizobaki sitaziandika hapa mpaka mniambie kama ni salama. Kabureta ni mbili. Kwenye dashibodi kuna matundu mawili ya mviringo upande wa abiria, na chini ya injini kuna bati nene limefungwa kwa boliti, limejaa mikwaruzo mirefu kama lilikokotwa juu ya mawe.

Karatasi nimezipata. Hazikuwa chini ya godoro, zilikuwa ndani ya cherehani ya mama, kwenye droo. Logibuku, imeliwa na mende pembeni lakini inasomeka. Na daftari la mazoezi la shule, mwandiko wa baba, kwa Kiswahili. Kila ukurasa una tarehe na mileji na alichofunga. Ukurasa mmoja ameandika tu: "Springi nyuma zimevunjika Mbale. Tumelala barabarani. Asubuhi limetembea."

Watu wa chuma chakavu walikuja leo saa nne. Nimewarudisha. Kaka yangu hajafurahi, lakini alipoona mwandiko wa baba alinyamaza, akaomba daftari akaenda nalo chumbani kwake.

---

Mtoto wa Bondi

Mama.

Namba zilizobaki usiziandike popote, wala usimpigie mtu picha ya logibuku. Daftari lisitoke nyumbani. Likunje ndani ya kitambaa cha pamba, usiliweke kwenye nailoni, litatoa unyevu.

Makanika wa Katwe, nakuomba tuonane Jumamosi alfajiri, tupande basi la kwanza la Jinja. Njoo na tochi, mafuta ya taa na vitambaa safi. Mimi nitakuja na kamera na kalamu.

Nnalongo, mwambie mwanao atandike turubai juu ya gari, aache pembeni wazi lipumue. Na tafadhali, hata kama majirani wanakuja kutazama, hata kama unaona aibu jinsi lilivyo, msilioshe.